Fukua Kabla Hujanunua Mbolea: Jinsi ya Kujua Kama Maharage Yako Yanajitafutia Naitrojeni

Mwaka ule nilipanda maharage mwezi wa pili kwenye kipande nilichotoka kuvuna viazi mviringo, huku juu kwenye milima ya Uporoto, Mbeya. Yalipofika wiki ya sita, wapita njia walikuwa wanasimama kuyatazama. Majani mapana, kijani cha kukolea, ukiingia katikati yanakugusa mapajani. Mzee jirani yangu naye alisimama, akachuma jani moja, akalikunja vidoleni. "Mwanangu, haya maharage yamelewa," akasema, akaendelea na safari yake.

Niliudhika. Lakini mwezi wa tano, wakati wa kuyang'oa, nilikumbuka neno lake: mashina marefu yaliyolala chini, maganda machache ya kuhesabu, na mizizi myeupe mitupu kama nywele zilizotoka kuchanwa. Kinundu, kile kivimbe kidogo cha mzizini, hakuna. Mbolea iliyobaki kutoka kwenye viazi ilikuwa imeyalisha maharage mpaka yakasahau kazi yake nyingine, ile ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani.

Tangu hapo sinunui mbolea ya maharage kabla sijajua mizizi inafanya nini. Hapa chini ni utaratibu ninaoufuata. Nimeuandika kwa ajili ya maharage, kwa kuwa ndiyo tunayolima wengi kuanzia Umalila, Mbeya, mpaka Kilolo, Iringa, lakini soya na njegere zina tabia hiyohiyo kwa sehemu kubwa.

Elewa kwanza mkataba uliopo kwenye mzizi

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mimea ya jamii ya mikunde imeingia mkataba na bakteria wa udongoni waitwao rizobia. Bakteria huingia kupitia vinyweleo vya mzizi, mmea unawajengea kinundu, na humo ndani wanabadilisha naitrojeni ya hewa kuwa amonia ambayo mmea unaitumia kutengeneza majani na punje. Jambo hili lilithibitishwa na Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafanikiwa kuwatenga na kuwakuza bakteria wenyewe.

Mkataba una gharama. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, naitrojenasi, hutumia molekuli 16 za ATP, yaani nguvu ya chembe hai, kwa kila molekuli moja ya naitrojeni inayovunjwa. Nguvu hiyo inatoka kwenye sukari iliyotengenezwa na majani. Kwa hiyo mmea ukikuta naitrojeni tayari iko udongoni katika hali ya naitreti, inayoyeyuka majini na kunywewa moja kwa moja, hauoni sababu ya kulipa bei kubwa. Watu husema maharage ni mavivu. Mimi naona yana hesabu tu.

Naitreti ikiwa nyingi, mambo matatu hutokea. Mzizi unapunguza kupokea bakteria wapya, hivyo vinundu vinavyoanza ni vichache. Vilivyokwisha kuanza vinadumaa. Na vile vilivyokomaa vinapunguziwa sukari na hewa, kasi ya kazi inashuka. Upande wa mzizi ulioguswa na mbolea ndio unaoathirika zaidi, ila mmea wote hupata habari, kwa sababu mizizi hupeleka ishara kwenye majani na majani hurudisha jibu chini. Kuna habari njema pia: watafiti wa Niigata, Japani, walionyesha kwa soya iliyooteshwa kwenye maji kwamba vinundu viliacha kukua ndani ya siku moja hivi baada ya kutiwa naitreti, na naitreti ilipoondolewa vikaanza tena. Kwa hiyo kinundu kilichodumaa si lazima kiwe kimekufa. Shambani, bahati mbaya, huwezi kuimwaga naitreti kama maji ya beseni, na msimu wa maharage ni mfupi.

Hatua ya 1: Liulize shamba lilikula nini msimu uliopita

Hii ni kazi ya kukaa kwenye kigoda na daftari, huhitaji jembe.

Kipande kilichotoka viazi mviringo kilichotiwa NPK au DAP (mbolea za kupandia) na kukuziwa kwa CAN au Urea (mbolea za naitrojeni) kina naitrojeni ya kutosha kuyalevya maharage, hasa kama unapanda maharage wiki chache tu baada ya kuvuna viazi. Huku kwetu, Makete na Njombe hii ndiyo hali ya kawaida, na ndipo watu wanapoongeza tena mfuko mzima wa DAP kwa mazoea.

Kipande kilichotoka mahindi yasiyotiwa mbolea ya kukuzia, na mabua yakazikwa humo, ni kinyume chake. Vijidudu vinavyoozesha mabua hula naitrojeni ya udongo navyo, hivyo naitreti inapungua kwa muda. Mahindi yakifuata hapo yanakuwa manjano na mkulima analia. Maharage yatapauka kidogo wiki mbili tatu za mwanzo, kisha yakijenga vinundu yanajikwamua. Usiyahukumu mapema.

Vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi Iringa na Njombe, vina mboji nyingi iliyokusanyika miaka na miaka. Vikitifuliwa na kupata hewa, mboji inaoza haraka na kuachia naitrojeni. Hapo sitii mbolea ya naitrojeni kabisa. Na kama tuta ni la chini na maji yanatuama, ongeza kina cha mifereji, kwa sababu kinundu kilichozama hukosa hewa, na hapo tatizo si naitreti tena.

Mahali palipokuwa zizi, hata miaka kadhaa nyuma, usipande maharage pale. Panda mahindi au maboga.

Kuna jambo jingine ambalo wazee walilijua kwa macho kabla ya maabara: udongo uliokauka miezi mingi ukipata mvua ya kwanza huachia naitreti kwa wingi ghafla. H. F. Birch, mtafiti aliyekuwa Muguga, Kenya, alilieleza jambo hili mwaka 1958, na mpaka leo wataalamu wa udongo wanalitaja kwa jina lake. Kwetu maana yake ni kwamba maharage yaliyopandwa na mvua za kwanza, Novemba au Desemba, yanakuta meza imeandaliwa. Yale ya Februari na Machi kwa kawaida hukuta naitreti nyingi imeshaliwa na mazao mengine au imesukumwa chini na mvua za Januari. Ndiyo maana kiwango kilekile cha mbolea kinaweza kuwa sawa msimu mmoja na kuwa kupita kiasi msimu mwingine, shamba lilelile.

Hatua ya 2: Panda mahindi ya shahidi

Kwenye kona tatu au nne za shamba, panda mashimo machache ya mahindi siku unayopanda maharage. Yape mbolea ya fosfati, yaani ya fosforasi, peke yake, usiyape naitrojeni. Mahindi hayana vinundu, kwa hiyo yanakula kilichopo udongoni tu. Yakifika wiki ya tano, yatazame. Kama majani ya chini yanakuwa manjano kuanzia ncha na kushuka katikati kwa umbo la V, udongo una njaa ya naitrojeni, na maharage yako yana kila sababu ya kujenga vinundu. Kama mahindi yote ni kijani cha kukoza mpaka jani la chini, udongo umeshiba.

Fosfati nasisitiza kwa sababu bila hiyo utaona majani ya zambarau, dalili ya njaa ya fosforasi, na shahidi wako anatoa ushahidi wa kesi nyingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kisoda

Hapa ndipo wengi tunapoangukia, na si kwa ujinga. Tumefundishwa mahindi: shimo moja, kisoda kimoja cha mbolea ya kupandia. Kisha tunachukua kisoda hichohicho tunaenda nacho kwenye maharage.

Tuhesabu. Kisoda kilichojaa sawasawa kina gramu 5 hivi za mbolea ya punje (pima mwenyewe kwenye mizani ya dukani, visoda 20 kwa pamoja, ugawe). Mahindi ya sentimita 75 kwa 60 yana mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Kisoda kimoja kila shimo ni kilo 45, karibu mfuko mmoja. Sawa kabisa. Sasa maharage ya sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo: mashimo yanazidi 40,000 kwa ekari. Kisoda kimoja kila shimo ni kilo 200. Mifuko minne ya DAP kwa ekari moja!

DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni, kwa hiyo kila mfuko wa kilo 50 umebeba kilo 9. Mifuko minne ni kilo 36 za naitrojeni kwa ekari, au kama 90 kwa hekta. Kwa kiwango hicho usitegemee kinundu. Hela imekwenda, na kazi ambayo bakteria wangeifanya bure umewazuia wasiifanye.

Naitrojeni kidogo ya kuanzia haina ubaya, hasa kwenye udongo uliochoka, kwa sababu mche una wiki tatu au nne za kuishi kabla vinundu havijaanza kulipa. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni kilo 10 hadi 20 za naitrojeni kwa hekta, ambazo kwa ekari ni kilo 4 hadi 8. Nusu mfuko wa DAP kwa ekari unakupa 4 na nusu. Inatosha.

Tatizo ni kwamba nusu mfuko ukiugawa kwa mashimo 40,000 kila shimo linapata punje chache za kuhesabu, huwezi kuzipima kwa kisoda wala kijiko. Acha mashimo. Chora mfereji mwembamba kwa jembe au kwa mti uliochongwa, mistari ya sentimita 50, na unyunyize mbolea kwenye mfereji: kisoda kimoja kwa hatua mbili za kawaida, kama mita moja na nusu. Ekari nzima ina mita 8,000 na kidogo za mistari, na hesabu inakuja kilo 25 hivi, yaani nusu mfuko. Funika kwa udongo wa vidole viwili, kisha ndipo weka mbegu. Mbegu isilale juu ya punje za mbolea. Tulipoanza, kijana wangu alikuwa anamwaga kwa kukadiria na mfuko ukaisha robo shamba. Sasa anahesabu hatua kwa sauti, na wanakijiji wanamcheka. Na wacheke.

Shamba lililotoka viazi, kinyungu, au kona iliyokuwa zizi, tumia mbolea isiyo na naitrojeni kabisa. Angalia namba tatu zilizoandikwa kwenye mfuko: ya kwanza ni naitrojeni. TSP, mbolea ya fosforasi, ni 0-46-0. Fosfati ya mwamba wa Minjingu, inayochimbwa Manyara, nayo ni ya fosforasi, na huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali kama wa Mufindi na Njombe. Ila zipo mbolea za kuchanganya zinazobeba jina hilo ambazo zimeongezewa naitrojeni, kwa hiyo namba isomwe, usitosheke na jina. Fosforasi usiikate. Udongo wetu wa majivu ya volkano, Rungwe na Uporoto, huing'ang'ania fosforasi na kuinyima mizizi, na kinundu bila fosforasi hakijengeki. Maduka mengi ya pembejeo vijijini yana DAP tu. Kama TSP huipati, nusu mfuko wa DAP ni maelewano mazuri, usijilaumu.

Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri sina shida nayo, inaachia naitrojeni taratibu na inaleta fosforasi. Mbolea mbichi ya kuku kaa nayo mbali na maharage. Hiyo ni karibu sawa na kumwaga Urea.

Hatua ya 4: Mbegu na chanjo

Maharage yetu kwa kawaida hukuta rizobia wake udongoni, kwa kuwa zao hili limelimwa huku vizazi vingi. Soya ni mgeni zaidi. Kama shamba halijawahi kuwa na soya, nunua chanjo ya rizobia ya soya, kwa sababu rizobia wa maharage hawaifai soya. Chanjo ni viumbe hai. Usiinunue kama imekaa dirishani juani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, changanya na mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo, na usiichanganye na mbolea wala dawa ya mbegu yenye kopa. Ukiweka chanjo nzuri kwenye udongo uliojaa naitreti umetupa hela. Bakteria watakuwepo lakini mlango wa mzizi umefungwa.

Tindikali pia. Udongo ukiwa chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali inazidi) vinundu vinapata taabu hata kama naitreti ni kidogo. Chokaa ya kilimo imwagwe na kuchanganywa udongoni mapema, si siku ya kupanda.

Hatua ya 5: Fukua

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo wanayoiruka watu wote.

Subiri maharage yaanze kutoa maua ya kwanza. Kwenye joto la Mbeya mjini au Iringa ni kama wiki ya tano au ya sita, huku juu kwenye baridi hata wiki ya saba. Kabla ya hapo vinundu vingine havijaanza kazi, na baada ya maganda kujaa vinaanza kuzeeka, utahukumu mzee kwa kosa la uzee.

Chagua mimea kumi. Usichague mizuri peke yake, wala ile ya pembeni njiani. Tembea kwa mshazari kukatisha shamba na simama kila baada ya hatua kadhaa. Usiing'oe. Ukivuta, vinundu vinabaki udongoni na utasema havipo. Zungushia jembe shubiri moja kutoka kwenye shina, chimba chini mpaka kina cha jembe, nyanyua bonge zima la udongo na mmea wake kwa mikono miwili.

Litumbukize bonge kwenye ndoo ya maji. Kaa kidogo. Udongo wa huku juu ni mwepesi na mweusi, unaachia wenyewe dakika chache. Ule mwekundu wa Kilolo unahitaji uvumilivu na vidole. Usisugue. Tikisa taratibu majini mpaka mzizi utoke mweupe, kisha utandaze juu ya gunia au kitambaa cheusi.

Sasa tazama. Kinundu cha maharage ni cha mviringo, ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti au kidogo zaidi, kimekaa ubavuni mwa mzizi kama kupe kwenye sikio la mbwa. Kikisukumwa kwa ukucha kinabanduka. Kama uvimbe uko ndani ya mzizi wenyewe, mzizi umevimba kama kamba yenye mafundo na huwezi kuubandua, hao ni minyoo fundo, na ni kesi tofauti kabisa. Nimewaona watu wakijisifu kwa vinundu vingi na kumbe wana minyoo.

Chukua wembe upasue vinundu vitano vikubwa. Ndani ya kinundu kinachofanya kazi kuna wekundu wa waridi, kama nyama mbichi ya kuku karibu na mfupa, na ukikibana kinaacha doa kidoleni. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, ndugu wa ile hemoglobini ya damu yetu. Kazi yake ni kushika oksijeni ili isiiharibu naitrojenasi huku bakteria wakiendelea kupumua. Kikiwa cheupe ndani, bado hakijaanza au bakteria wake hawafai. Kijani maana yake kinakufa. Kahawia na laini, kimekwisha.

Andika idadi ya vyekundu kwa kila mmea, na pembeni andika rangi ya majani ya mmea huo. Vitu hivi viwili lazima viandikwe pamoja, kwa sababu kimoja bila kingine kinadanganya.

Hatua ya 6: Soma majibu

Vinundu vyekundu vingi (kipimo changu ni kuanzia ishirini kwa mmea) na majani ya kijani cha kawaida: mkataba unafanya kazi. Usiweke kitu. Hata kama jirani anaweka.

Vinundu vichache au hakuna, majani mapana ya kijani cha kukoza, mmea mrefu wenye maua machache: naitrojeni ya udongo imezidi. Hakuna dawa ya msimu huu. Usiweke mbolea ya kukuzia, usiweke booster (mbolea ya kunyunyizia majani) yenye naitrojeni, punguza kivuli kwa kupalilia, na kaa macho na ukungu, kwa sababu majani yaliyosongamana kwenye baridi ya kwetu huhifadhi unyevu mpaka saa nne asubuhi. Msimu ujao kipande hicho kipe mahindi.

Vinundu vichache, mmea mdogo, majani madogo ya kijani kizito: hapa watu huchanganya na kisa cha juu. Huu ni ukosefu wa fosforasi. Tofauti ni kimo. Uliolewa ni mrefu, wenye njaa ya fosforasi umedumaa.

Vinundu hakuna, majani manjano kuanzia chini: bakteria hawapo, au tindikali imewazidi. Kama maua ndiyo kwanza yanaanza na mvua ipo, hapa mbolea ya kukuzia inafaa. Nusu mfuko hadi mfuko mmoja wa CAN kwa ekari, pembeni mwa mstari, ufunike. Wapo wanaosema ukitia naitrojeni kwenye maharage umekosea daima. Sikubaliani nao. Maharage ni dhaifu kwenye kazi hii ukilinganisha na soya au kunde, na yale ya kichaka ni dhaifu kuliko ya kupanda juu ya miti. Mmea usio na kinundu hata kimoja hautalishwa na kanuni.

Vinundu vingi lakini vyeupe vyote ndani, majani manjano: mzizi unalisha wapangaji wasiolipa kodi. Huenda aina ya bakteria haifai, au udongo wenye tindikali umeficha molibdeni, madini ambayo naitrojenasi haiwezi kufanya kazi bila hayo. Tia CAN msimu huu kama hapo juu, na ujipange kwa chokaa.

Hatua ya 7: Kama umechanganya na mahindi

Wengi wetu tunachanganya. Mahindi yana mizizi yenye njaa, yanafyonza naitreti karibu na maharage, na hilo kwa kweli linayasukuma maharage kujenga vinundu. Lakini kivuli cha mahindi kinapunguza sukari ya kuvilisha. Faida huku, hasara kule.

Kinachoharibu ni siku ya kukuzia mahindi. Ukirusha Urea kwa mkono shamba zima, umekuzia na maharage bila kutaka, na Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Chimbia karibu na shina la mahindi, upande usio na maharage, ufunike. Mzizi wa maharage usioguswa na mbolea huendelea na kazi vizuri zaidi kuliko ulioguswa. Ni kazi ya mgongo, najua. Mke wangu aliniambia wazi kwamba yeye harudii kuchimbia ekari nzima, kwa hiyo sasa tunapanda mistari miwili ya mahindi na miwili ya maharage, na mbolea inawekwa kati ya mahindi na mahindi. Wazo ni lake, na ni bora kuliko langu.

Hatua ya 8: Vipande vitatu vya mwaka ujao

Usiniamini mimi, wala duka. Msimu ujao tenga vipande vitatu vya hatua kumi kwa kumi, vyote mbegu ileile, iwe Uyole 96 au Njano Uyole au mbegu ya bibi, na vyote fosfati sawa. Cha kwanza bila naitrojeni. Cha pili naitrojeni kidogo ya kuanzia. Cha tatu kiwango unachoweka kwa mazoea. Fukua mimea mitano kila kipande wakati wa maua, kisha pima punje kavu kwa mizani, si kwa macho, maana macho hupenda majani.

Kwangu, kipande cha pili kilishinda kwenye shamba la juu lililochoka, na cha kwanza kilishinda kwenye lile lililotoka viazi. Kwako inaweza kuwa vingine.

Baada ya kuvuna

Tunapenda kusema maharage yanarutubisha udongo. Piga hesabu kabla hujasema. Punje za maharage zina protini karibu asilimia 22, na gunia la kilo 100 linaondoka shambani na naitrojeni kama kilo 3 na nusu. Magunia matano kwa ekari ni kilo 17 na kitu zimepanda Fuso kwenda sokoni. Kama vinundu vilikuwa vichache, karibu zote zimetoka udongoni kwako. Kisha tunang'oa mmea mzima na mizizi yake, tunabeba mpaka nyumbani, tunapiga uani, na makapi tunachoma au tunampa ng'ombe wa mtu.

Mimi sasa nakata shina usawa wa ardhi kwa mundu, mizizi inabaki. Makapi yanarudi shambani kwa mkokoteni uleule ulioleta maharage, siku inayofuata, kabla mbuzi wa jirani hawajayagundua.